Huyu mfalme Wilhelm II wa Stuttgart ndo Kaisari yuleyule au ni mtu mwingine? (habari za mifupa ya Tendaguru)

mwalimu_Ng'apa:
Habarini za jioni wakuu. Niko Lindi, nafundisha historia sekondari, wanafunzi wameniuliza swali nataka niwajibu kwa uhakika. Tulikuwa tunaongelea mijusi ya Tendaguru, yaani dinosaria, mijusi mikubwa ya kale ambayo mifupa yao ilichimbwa kilima cha Tendaguru huku kwetu Lindi. Habari ya Berlin wengi wanaijua, lile lijusi limesimamishwa kule makumbusho lina zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ila kabla Waberlin hawajaja 1909 alitangulia profesa mmoja anaitwa Eberhard Fraas, alikuja 1907 baada ya yule injinia Sattler kuiona mifupa 1906, akachimba akaondoka na mizigo kwenda Stuttgart kwenye makumbusho ya kifalme. Sasa nikisoma nakuta mfalme wa Stuttgart enzi hizo ni Wilhelm II, na Kaisari wa Berlin naye ni Wilhelm II! Mwanafunzi akauliza, mwalimu huyu ni mtu mmoja mwenye ikulu mbili? Na kama ni wawili, nchi moja inakuwaje na Kaisari na mfalme kwa wakati mmoja, na huo ukoo wa Stuttgart uliishia wapi maana siku hizi Ujerumani hakuna mfalme. Anayejua atiririke tu, hata ikiwa ndefu nitasoma yote.

kijana_wa_Mingoyo:
Ni wawili mwalimu, tena koo mbili tofauti kabisa. Kaisari ni wa ukoo wa Hohenzollern, mfalme wa Prussia. Huyu wa Stuttgart ni wa ukoo wa Württemberg na nchi yao iliitwa hivyohivyo Württemberg.

Ujerumani iliyoundwa 1871 ilikuwa muungano wa dola 25, na ndani yake kulikuwa na falme 4, yaani Prussia, Bavaria, Saksonia na Württemberg, waliobaki ni watawala wadogo wadogo pamoja na miji 3 iliyojitawala, Hamburg ukiwemo. Mfalme wa Prussia ndo akawa Kaisari wa wote. Württemberg walibaki na mfalme wao, bunge lao, reli zao, posta yao (stempu zao wenyewe mpaka 1902) na hata jeshi lao lilihesabiwa kama jeshi la 13 chini ya Kaisari. Ila mambo ya nje na makoloni yalikuwa ya dola kuu, kwahiyo bendera iliyopepea boma la Lindi na lile la Mikindani ni ya dola kuu sio ya Stuttgart. Kwenye baraza la muungano Prussia walikuwa na kura 17, Württemberg 4, hapo unaona nani alikuwa anaamua.

Alafu waambie wanafunzi na hili, asili ya hao akina Hohenzollern ni mlima uliopo kusini ya Stuttgart, ngome yao bado ipo pale juu mpaka leo. So kabla hawajawa wakubwa wa kaskazini walikuwa majirani na akina Württemberg.

binti_Mikindani:
Kaka umemaliza upande wa muungano, mi naomba niongezee ukoo wenyewe maana nimeusoma sana na naupenda.

Wanaanza kutajwa mwishoni mwa karne ya 11, bwana mmoja Konrad mwenye ngome juu ya kilima karibu na Stuttgart. Wakakaa karne nyingi kama mabwana wa kawaida tu, wananunua vijiji, wanarithi, wanapigana na majirani, mpaka akaja Eberhard, yule aliyejulikana kwa ndevu zake. 1477 akaanzisha chuo kikuu cha Tübingen, na 1495 akapandishwa cheo kuwa duke, yaani mtawala aliye chini ya mfalme. Mrithi wake mmoja, Ulrich, alifukuzwa nchini 1519, akarudi 1534 na ndo akaingiza dini ya Kilutheri.

Ufalme wenyewe lakini ni wa juzi tu. Ni Napoleon. Duke Friedrich alijiunga nae, na tarehe 1 Januari 1806 akatangazwa mfalme, eneo la nchi likaongezeka zaidi ya mara mbili kwa kumeza miji na mashamba ya kanisa yaliyokuwa jirani. Jamaa alikuwa na urefu wa mita 2.11 na mnene kupindukia, wachoraji walimchora sana. Malipo yake sasa! 1812 Napoleon anaenda Urusi, Württemberg wanatakiwa kutoa watu, wakaenda wanajeshi kama 15,000 na waliorudi ni mia chache. Hao walikuwa watoto wa wakulima na hawakuulizwa. Mimi hapo ndo huwa nasimama kusoma kidogo.

Mtoto wake Wilhelm I anashika 1816, mwaka ambao jua halikuwaka vizuri kwasababu volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka 1815 ikatia majivu angani, mazao yakaoza shambani, watu wakafa njaa, maelfu wakahama nchi. Huyu mfalme na mkewe Katharina, dada wa Kaisari wa Urusi, nawapa heshima yao. Malkia alipanga misaada kwa maskini, akaanzisha benki ya akiba ya watu wa chini na shule ya wasichana. Mfalme akaanzisha chuo cha kilimo Hohenheim 1818, ambacho leo ni chuo kikuu, na mwaka huohuo wakaanza maonesho ya kilimo pale Cannstatt yanayofanyika mpaka leo. Katharina akafariki Januari 1819 akiwa bado mdogo. Mumewe akaibomoa ile ngome ya mababu kileleni akajenga kaburi la mkewe palepale, juu ya mlango ameandika ule mstari wa Wakorintho, upendo haupungui neno wakati wowote.

Akafuata Karl, hakupata mtoto. 1891 ufalme ukaenda kwa mpwa wake, ndo huyu Wilhelm II wako mwalimu. Wamakonde na Wamwera wa humu msije mkadhani alirithi kwa mjomba kama desturi yetu ya zamani, hapana, mama yake aliolewa humohumo ukooni na ufalme ulipita upande wa baba. Alikuwa mtu wa watu, anatembea mtaani na mbwa wake wawili bila walinzi na wananchi wanamsalimia njiani.

mzee_wa_Mbemkuru:
Nashukuru binti yangu umeeleza vizuri sana. Ila msimsahau mtu wa huku. Wakati huyo mfalme mtu wa watu anatembeza mbwa, huku kwetu vita ya Majimaji imetoka kuzimwa 1907 hiyohiyo, vijiji vimechomwa, njaa imeua watu wasiohesabika. Ni katikati ya hali hiyo profesa Fraas anafika Tendaguru. Mifupa ilichimbwa na kubebwa na watu wa huku, kichwani, kwa mguu mpaka Lindi bandarini. Waberlin walipokuja 1909 mpaka 1913 wakaondoka na zaidi ya tani 200, msimamizi wao mkuu pale machimboni alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na ni 2007 tu ndo aina moja ya mijusi hao ikapewa jina linalomkumbuka. Mwalimu, ukiandika Wilhelm ubaoni muandike na Boheti.

Koloni lilikuwa la dola kuu, sawa, lakini makumbusho yaliitwa ya kifalme na mzigo ukaingia humo. Kura 4 nazo ni kura.

kijana_wa_Mingoyo:
Mzee shikamoo, hapo nipo na wewe.

Mwalimu namalizia mwisho wa ukoo. Tarehe 9 Novemba 1918 mapinduzi yanaingia Stuttgart, watu wakaingia nyumbani kwa mfalme wakashusha bendera yake wakapandisha nyekundu. Jioni ile akaondoka kwenda Bebenhausen, monasteri ya zamani karibu na Tübingen. Akajiuzulu rasmi 30 Novemba, wa mwisho katika wafalme wa Ujerumani kufanya hivyo, Kaisari alishasaini siku mbili kabla akiwa Uholanzi. Iliwauma sana wana Stuttgart kwamba hakuna aliyemtetea siku ile, na yeye hakusahau, alipofariki Oktoba 1921 msafara wa maiti yake haukupita Stuttgart, ni wosia wake. Kazikwa Ludwigsburg. Mwanae wa kiume pekee alikufa mchanga, kwahiyo ukuu wa ukoo ukahamia tawi lao la Kikatoliki ambalo makao yake ni Altshausen, wapo mpaka leo na mashamba na misitu yao ila hawana madaraka yoyote.

Nchi yenyewe ikawa jamhuri, baada ya vita ya pili ikagawanywa kati ya Wamarekani na Wafaransa, na 1952 ikaunganishwa na Baden ikawa jimbo la Baden-Württemberg. Makumbusho ya kifalme siku hizi ni ya jimbo, mifupa aliyochukua Fraas iko humo.

mwalimu_Ng'apa:
Nawashukuru sana, mzee shikamoo. Jumatatu naandika majina yote ubaoni, Boheti wa kwanza. Vijana wanataka waandike barua Stuttgart kuomba picha za mifupa yetu, kwahiyo tunaandikia jimbo au makumbusho moja kwa moja?

binti_Mikindani:
Makumbusho moja kwa moja mwalimu. Na nyingine mwaandikie chuo kikuu cha Tübingen, Edwin Hennig aliyechimba Tendaguru na Waberlin alikuja kuwa profesa pale, na wana mjusi wetu mwenye miiba mgongoni, Kentrosaurus.