EDAC inaandika CE kila siku: stiki ipi ya RAM ni mbovu?

Mlinziwalogi: Wakuu, naombeni ushauri. Seva ya Linux, stiki nane za RAM. Kwenye dmesg (logi ya kerneli, kiini cha Linux) EDAC, sehemu ya kerneli inayofuatilia makosa ya memori, inaandika "EDAC MC0: 1 CE" mara kadhaa kwa siku, ila mashine haijawahi kuzima. Nitahakikishaje kwamba ECC (usahihishaji wa makosa ya memori) inafanya kazi, na nitaijuaje stiki yenye shida?

Bitimoja: Mkuu, EDAC ikihesabu CE maana yake ECC iko kazini. Hakikisha pia kwa `sudo dmidecode -t memory`: Total Width 72, Data Width 64. Zile biti 8 za ziada ndizo za kusahihisha (DDR5 huonyesha 72 au 80). Ukiona 64 kwa 64, hakuna ECC. Ila dmidecode husoma tu kilichoandikwa na BIOS, kwa hiyo mimi naamini EDAC zaidi. Ndani ya VM (mashine pepe) usihangaike kabisa.

Fundi_Rafu: CE ni kosa lililosahihishwa. UE halisahihishiki, na hapo kerneli inaweza kuua programu au kusimamisha mashine nzima. CE moja baada ya miezi si ugonjwa; za kila siku kwenye stiki ileile ni ugonjwa. Chukua nakala ya data kwanza, kisha:

`grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/dimm*/dimm_ce_count`

Hesabu hizo hufutika ukiwasha upya, hivyo weka rasdaemon (programu inayotunza rekodi za makosa haya), halafu soma `ras-mc-ctl --errors`. Angalizo: dimm_label (jina la sloti kwa EDAC) mara nyingi hailingani na maandishi ya kwenye bodi. Linganisha na `ipmitool sel elist` (logi ya matukio ya seva yenyewe).

Mlinziwalogi: Ni dimm3 peke yake, CE 214. Nyingine zote 0. Lakini memtest (kipimo cha RAM) imepita safi!

Bitimoja: Lazima ipite. ECC inasahihisha kabla memtest haijasoma. Isipokuwa toleo lako liwe linasoma hesabu za ECC zenyewe.

Fundi_Rafu: Usinunue bado. Zima, chomoa waya wa umeme, vaa mkanda wa kuzuia umemetuli. Chomoa stiki hiyo uichomeke upya mpaka vibanio vilie. Mguso mbaya pekee huleta CE. Zikirudi, ibadilishane nafasi na stiki ya chaneli nyingine, usiguse kingine chochote. Kosa likihama nayo, stiki ni mbovu. Likibaki kwenye sloti, kagua sloti na pini za soketi ya prosesa. Kidhibiti memori kimo ndani ya prosesa, nacho hufa. Ukifikia kununua, angalia aina: RDIMM (zenye rejista) na UDIMM (zisizo na rejista) hazichanganyiki.