Tupeane uzoefu: mgonjwa wa maumivu sugu, mwili umezoea dawa au ameshakuwa mraibu?

Wakuu mnaohudumia wagonjwa wa saratani, selimundu na maumivu mengine ya muda mrefu, naomba tuweke hapa namna mnavyotofautisha mambo haya mawili mkiwa kazini. Wagonjwa wanakatiwa mofini (dawa kali ya maumivu) ghafla, wanapata arosto (kuumwa kwa kukosa dawa), kisha arosto hiyohiyo inageuzwa ushahidi kwamba ni mateja. Leteni dozi, dalili na hatua. Visa vya mtu binafsi tuviache kando.

Nesi wa shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa)

Arosto peke yake haithibitishi uraibu. Mtu yeyote aliyekunywa mofini kila siku kwa wiki kadhaa, hata bibi wa miaka 80 asiyejua jina la dawa yake, ukimkatia ghafla atapiga miayo, machozi na makamasi yatamtoka, atatoka jasho, vinyweleo vitasimama, tumbo litamnyonga na ataharisha. Kwa mofini ya maji, dalili huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha nyingi huisha ndani ya siku 10. Huo ni utegemezi wa mwili. Mtu wa propranololi (dawa ya moyo na presha) au prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio) naye akiacha ghafla anaweza kuumwa vibaya, na hakuna anayemwita teja.

Uraibu mimi nautafuta kwenye mwenendo: ameshindwa kujizuia, anaiwaza dawa muda wote, anaendelea kuitumia huku inamharibia kazi na familia, anaitumia kupooza mawazo hata siku ambayo haumwi. Swali langu la kwanza kwa ndugu zake huwa hili: tangu aanze dawa, maisha yake yamepanuka au yamesinyaa? Aliyetulizwa maumivu vizuri anarudi kupika, kwenda msikitini au kanisani, kulala usiku. Mraibu anazidi kujifungia.

Daktari wa wodi

Nesi kasema vizuri, ila kuna mtego katikati. Mofini ya maji hufanya kazi kama saa 4. Sasa cheti kikiandikwa "mara tatu kwa siku", mgonjwa anabaki na maumivu saa nne nzima kabla ya kila dozi. Anaanza kuangalia saa, anaita wauguzi, anagomba, anaficha dawa kidogo ya akiba. Faili linaandikwa "anapenda dawa". Hapo kosa liko kwenye cheti.

Namna ya kupima: mpe kila baada ya saa 4, yaani saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili alale. Ongeza dozi ya dharura inayolingana na ile ya saa 4 kwa maumivu yanayochomoza katikati. Mfuatilie siku mbili tatu. Maumivu yakishuka na fujo ikaisha, alikuwa anaumwa tu. Dozi ikitosha, usingizi na nguvu vikarudi, lakini chupa bado zinapotea au anachukua dawa hospitali mbili kwa siri, hapo kaa naye mzungumze uraibu bila kumfokea.

Vijana wa selimundu ndio wanaoonewa zaidi. Wanajua dozi inayowatuliza kwa sababu wameugua tangu utotoni, na kujua huko kunahesabiwa kosa. Wapewe barua yenye dawa, dozi na tarehe ya kliniki, waionyeshe popote wanapolazwa.

Mfamasia

Kuhusu kupunguza, maana hapa ndipo watu huumizwa. Tuchukue mgonjwa wa mg 10 kila saa 4 na mg 20 za usiku, jumla mg 60 kwa siku. Saratani imepigwa mionzi, maumivu yameisha. Kwa chupa ya mg 5 kwa ml 5, dozi yake ni ml 10. Punguza ml 1 kwa kila dozi (usiku ml 2): anashuka hadi mg 54, yaani asilimia 10. Kama ametumia wiki au miezi michache, shusha hivyo kila wiki. Aliyetumia zaidi ya mwaka, kila mwezi. Akifika ml 5, ml 1 ni asilimia 20 tayari, kwa hiyo shusha nusu ml. Mwili ukikataa, simama palepale, usirudi juu haraka. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Hatari mbili. Zipo chupa za mg 50 kwa ml 5, na ml 10 za chupa hiyo ni mg 100. Soma lebo kila chupa mpya. Pili, aliyeacha kisha akarudia dozi yake ya zamani anaweza kuzimika, kwa sababu mwili umeshasahau. Pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika na haamki, akimbizwe hospitali, anahitaji naloksoni, dawa inayoondoa makali ya mofini.

Na dawa ya kulainisha choo isikatwe kabla ya mofini. Usingizi na kichefuchefu mwili huvizoea, kufunga choo hauzoei.

Mhudumu wa kliniki ya methadoni

Mraibu naye anaumwa saratani, anavunjika mguu. Methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, ikinywewa mara moja kwa siku inazuia arosto saa 24, lakini kutuliza maumivu ni saa 6 hadi 8 tu. Usimwambie "una methadoni inatosha". Isikatwe, aongezewe dawa ya maumivu, mwandikaji awe mmoja, na achukue dawa ya wiki badala ya mwezi.

Mfamasia

Walioniuliza kuhusu tramadoli ya dukani: mwisho wa mtu mzima ni mg 400 kwa siku, vidonge 8 vya mg 50. Kuzidisha, au kuichanganya na amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) bila daktari kujua, kunaweza kuleta degedege. Nayo ina arosto, mara nyingine pamoja na hofu kali, kwa hiyo ishushwe polepole vilevile.