Naomba ushauri: shujaa wetu kamchoma mateka vidole

Wakuu, habari. Jumapili huwa tunakaa barazani hapa Mwanga, Kigoma, watu watano, tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi kwa kurusha dadu. Msimamizi wa hadithi ni mimi. Juzi jamaa anayecheza paladini, yule askari wa haki mwenye kiapo, kamchoma mateka vidole kwa mshumaa ili ataje walikofichwa watoto. Karusha dadu, ikaja 20, namba ya juu kabisa. Wote wakashangilia; mimi chai ikanipoa mkononi.

Kwa kanuni za mchezo za 1978, paladini akitenda uovu kwa kujua anapoteza hadhi yake papo hapo, haina kurudi. Wenzangu wanasema si tumeshatajiwa watoto walipo?

Nimvue nguvu, au niseme mateka alidanganya tu maumivu yaishe? Jamaa ana hasira, na dadu ni zake.