Baba wa Captain Fantastic: mlezi bora, au amewafungia watoto dunia?

Ndugu zangu, tulioitazama Captain Fantastic, filamu ya Matt Ross ya mwaka 2016, tumegawanyika. Kwa asiyeiona: Ben, anayeigizwa na Viggo Mortensen, analea watoto sita msituni kaskazini-magharibi mwa Marekani, hakuna umeme wala shule. Wanawinda, wanapanda miamba, jioni wanasoma vitabu vizito kando ya moto. Mama yao, aliyekuwa mgonjwa wa akili, anajiua, nao wanafunga safari kwenda kumzika.

Mnaomtetea Ben mnashikilia ile jioni nyumbani kwa shangazi, na kweli ina uzito. Binamu wawili wanaosoma shule wanaulizwa kuhusu Hati ya Haki, yale marekebisho kumi ya kwanza ya katiba yao, wanababaika. Ben anamwita Zaja, binti yake wa miaka minane. Anaanza kuikariri, baba anamkatiza: hapana, eleza kwa maneno yako. Na anaeleza. Ningependa kila mwalimu aione dakika ile.

Lakini mbona hammtaji Bo? Huyu ndiye mkubwa wao. Amekubaliwa Harvard, Yale na vyuo vingine vya hadhi hiyo, na barua kazificha. Aliyemsaidia kuomba ni mama yake, kwa siri. Siku anapomwonyesha baba barua zile anapasuka: kisichotoka kitabuni, hakijui. Tulishaona ushahidi. Msichana kambini kambusu usiku mmoja tu, naye kapiga goti papo hapo, mbele ya mama wa binti, kuomba ndoa. Watu wengi walicheka pale. Mimi niliumia, kwa sababu kijana hakukosea kwa ujinga wake, hakuwahi kuachiwa watu wa kujifunza kwao.

Na Rellian, mdogo wake Bo, je? Ameumia mkono juu ya mwamba, mvua inanyesha, baba anamwambia hakuna atakayekuja kumwokoa. Baadaye anabaki kwa babu yake, na dada yake anatumwa juu ya paa usiku ili kumchukua, anaanguka, anaponea chupuchupu. Pale Ben mwenyewe aliona. Sielewi kwa nini baadhi yetu bado hatuoni.

Wengine mmeifanya hii kesi ya masomo ya nyumbani. Nakataa. Majimbo yote 50 ya Marekani yanayaruhusu, Ujerumani kwa sehemu kubwa inayakataza, na hoja zipo pande zote. Mzazi anaweza kufundisha nyumbani na mtoto bado akawa na marafiki, akagombana nao, akapatana nao. Kwa Ben tatizo ni kwamba nyumba nzima ilihoji kila kitu isipokuwa uamuzi wa baba.

Kuhusu mwisho, ule wa shambani wanakohamia, watoto wakingoja basi la shule na vyakula vyao vimefungwa: mnasema Ben amesalimu amri. Mnasahau kilichotangulia. Aliwaacha kwa babu, akanyoa ndevu, akaondoka peke yake akiwa amevunjika moyo. Kumbe watoto wamejificha ndani ya basi lake, lile walilosafiria. Hawakuitwa, walimfuata kwa hiari.

Basi anayesema msitu ulikuwa bora kuliko lile shamba anijibu hili: kwa nini Bo aliogopa kumwonyesha baba yake barua?