Puppy Linux kwenye flashi: faili la kuhifadhi limejaa, mashine inaganda

Mwalimu_Kondoa:
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha kompyuta sekondari huku Kondoa. Mashine zetu ni za zamani, RAM 2 GB, na nyingi hadi diski zimeshakufa. Nimeweka FossaPup64 9.5, toleo la Puppy Linux (mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta), kwenye flashi ya 16 GB na nimeipenda mno: mfumo wote unapanda kwenye RAM, ukibofya menyu inafunguka papo hapo.

Shida ni hii. Faili la kuhifadhi, ambamo Puppy hutunza kazi na mipangilio yangu, nililitengea MB 512, nilipoingiza LibreOffice (programu za ofisi za kuchapa na kadhalika) likajaa. Halafu kila baada ya nusu saa mashine inaganda ikiandika kwenye flashi, watoto wakiwa katikati ya kuchapa. Flashi ina mfumo wa faili wa FAT32. Nataka kila mwanafunzi awe na yake, na LibreOffice isahihishe tahajia za Kiswahili. Intaneti shuleni hatuna.

FundiTanga:
Mwalimu, LibreOffice usiisakinishe ndani ya hifadhi. Tafuta ile ya SFS. Hilo ni furushi lililobanwa, linakaa kwenye flashi nje ya faili lako na kuunganishwa tu na mfumo. Ukilibofya, Puppy yenyewe itakuuliza kama ulipakie. Hata vitu vizito vingine fanya hivyohivyo.

Kuganda: ingia Puppy Event Manager (dirisha la mipangilio ya Puppy), sehemu ya kuhifadhi kikao, pale penye dakika 30 weka 0. Tangu hapo haiandiki yenyewe, mpaka ubofye Save kwenye deski au wakati wa kuzima. Flashi pia itadumu, maana kuandikwa-andikwa ndiko kunakoiua. Ila watoto wazoee kubofya Save, umeme ukikatika kabla ya hapo kazi imekwenda.

FAT32 nayo inakubana: faili moja halivuki GB 4, na huwezi kutumia folda ya kuhifadhi. Nakili vitu vyako pembeni, washa kwa chaguo la kuwashia pfix=ram ili hifadhi ya zamani isishikwe, kisha fungua GParted, programu ya kugawa diski. Acha kipande kidogo cha FAT32 cha kuwashia, kilichobaki kifanye ext4, mfumo wa faili wa Linux. Ukizima mara ya kwanza chagua folda badala ya faili. Folda haina ukubwa wa kupanga, inakua mpaka kipande kijae.

Zuhura_K:
Naongeza la wanafunzi. Puppy inakuingiza kama root, yaani msimamizi mwenye ruhusa zote, moja kwa moja. Mtoto akichomeka flashi kwenye kompyuta ya stesheneri, diski ya mwenye duka iko wazi mbele yake, anaweza kuifuta. Waambie mapema, kwenye deski wasiguse alama ya diski yoyote isiyo flashi yao.

Tena usiandae flashi moja moja. Panga moja vizuri, fonti, menyu, kila kitu, halafu tumia zana ya remaster. Inatengeneza mfumo mpya wenye mapendeleo yako, huo ndio unaunakili kwa darasa zima. Kagua tu usibebe nywila zako humo.

Mwalimu_Kondoa:
Asanteni sana. Nimeweka 0, kuganda kumekwisha. Kamusi ya tahajia za Kiswahili je?

FundiTanga:
Nyongeza za LibreOffice huja kama faili la .oxt. Ukienda mjini pakua ya Kiswahili, iweke kabla ya kufanya remaster, kisha kwenye mipangilio ya lugha chagua Kiswahili cha Tanzania.