Lebo ya Kihispania: "anacardo" na "marañón" ni korosho ileile?

Mbanguaji_Masasi:
Wakuu salaam. Tunaandaa lebo za korosho karanga (zilizobanguliwa), gredi W320. Mnunuzi mmoja anataka iandikwe anacardo, mwingine marañón, na karatasi za miche zina Anacardium occidentale. Ni kitu kimoja? Na asili yake nini?

Mkanju:
Mti ni mmoja. Anacardo ni Kihispania kilichotoka kwenye Kilatini anacardium, nacho kimeundwa kwa Kigiriki: kardia ni moyo. Kwenye ana- ndipo wanapovutana, wengine husema "mfano wa", wengine "juu". Ila ukiitazama korosho unaona figo, si moyo! Sababu ni kwamba jina lilikuwa la mti mwingine wa India, Semecarpus anacardium, ambao utomvu wa tunda lake hutumika kutia alama kwenye nguo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ndiye aliyelihamishia kwenye mkorosho, na mwaka 1753 akaandika occidentale, yaani "wa magharibi", kwa kuwa asili ya mkorosho ni Brazili. Msiandike occidentalis: Anacardium huishia -um, na kivumishi lazima kilifuate. A iwe kubwa, o iwe ndogo.

Bibo_Newala:
Naongezea. Hispania ni anacardo, Kolombia na Amerika ya Kati ni marañón, Venezuela merey, Jamhuri ya Dominika cajuil. Hiyo cajuil inaelekea kuwa ndugu wa kanju yetu, iliyopitia caju ya Kireno, nayo caju imetoka acaju ya Watupi wa Brazili.

Marañón ina mtego, maana bibo, lile tunda la mkorosho, nalo huitwa hivyo. Jugo de marañón ni juisi ya mabibo (si uraka, yaani pombe ya mabibo, kwani hiyo haijachacha). Kwa hiyo andika semilla de marañón, "mbegu". Na ñ isiachwe, husomwa kama ny ya nyama.

Meksiko husema nuez de la India. Hilo likwepeni, kwani kuna mbegu nyingine zenye sumu zinazouzwa kwa jina hilohilo kama dawa ya kupunguza unene.

Mbanguaji_Masasi:
Shukrani. Je, "ghafi" niandike crudo?

Mkanju:
Hapana mkuu. Crudo ni isiyokaangwa, hata kama imeshabanguliwa. Ghafi yetu, yenye ganda, ni anacardo con cáscara. Zenu, kama hazijakaangwa, ni anacardos crudos. Zikikaangwa ni tostados.