Pikapu ya kushusha viazi Matamba hadi Chimala, nina milioni 25. Nichukue ipi?

mzee_wa_viazi
Wakuu, heshima kwenu. Nalima viazi huku Matamba, Makete. Misimu miwili sasa nakodi gari la kushusha mzigo Chimala, nauli inakula faida yote. Nimejikusanya, nataka pikapu yangu, iliyotumika. Safari moja gunia 12 hadi 15, kurudi napandisha mbolea. Wanaoijua njia ile wanazijua kona 57, vumbi la kiangazi na utelezi wa masika. Dalali ananipigia debe dabo kebini ya kisasa, ina taboo (turbo), inang'aa kama kioo. Fundi wangu anasema nitafute Hilux ya zamani. Nimsikilize nani?

spana14
Fundi. Tafuta Hilux LN106 ya kebini moja, injini ya 3L, dizeli cc 2,779. Haina taboo, haina kompyuta, hata fundi wa chini ya mwembe anaifungua. Ekseli ngumu mbele na nyuma, springi bapa kote. Ikiwa tupu itakurusha mpaka kofia iguse paa, lakini haikuachi porini. Hiyo ya dalali nozeli zake hazitaki uchafu, na wewe huko dizeli si unanunua ya madumu? Mkanda wa taimingi tu usiuchezee: kila kilomita 100,000 badili. Ukikatika, vali na pistoni zinasalimiana.

mama_mbolea
Kaka, kabla ya injini tupige hesabu. Hizo gunia ni za kilo 100 au lumbesa, zile za kujaza mpaka zinafurika?

mzee_wa_viazi
Lumbesa, dada. Mnunuzi hataki nyingine.

mama_mbolea
Nilijua. Weka kilo 120 kila moja, mara 15, ni kilo 1,800. Hilux ni gari la tani moja. Utaongeza springi, itabeba, sikatai, wote tunafanya hivyo. Ila chesisi itapasuka nyuma ya kebini, na breki ni zilezile za tani moja. Na hiyo dabo kebini ndiyo mbaya zaidi: bodi fupi, gunia za mwisho zinakaa nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi. Kwenye kona 57!

dereva_wa_zamani
Dada kamaliza. Mimi nilishashusha njia ile na gari la mtu, limezidishiwa mzigo. Kona ya thelathini na kitu pedali ikaanza kuzama, harufu ya breki ikajaa kebini. Utingo akaruka na kigingi, akakiweka chini ya tairi. Tulikaa pale saa nzima hatusemeshani. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa mzigo huo chukua kilori cha Canter, au punguza gunia.

spana14
Canter sawa, ila ikifika barabara kuu ajue gari la kuanzia tani 3.5 na mzigo wake linaingia mizani. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ndiyo mwisho wa maneno, lakini milioni 25 labda upate milango.

Popote utakapoenda kuangalia, waambie wasiliwashe kabla hujafika. Huko baridi, likiwa limelala utajua ukweli. Likiwaka, fungua kifuniko cha oili: ikipuliza kwa nguvu, injini imechoka. Kisha lala chini, gonga chesisi kwa spana. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama debe la maharage.

mzee_wa_viazi
Mrejesho, wakuu. Nimetoka Mbeya kuangalia LN106, milioni 19. Rangi mpya kabisa. Nimefika saa 12 asubuhi, bonti ina moto tayari! Nikafungua kifuniko cha oili, injini inapumua kama treni, oili imenirukia shati. Dalali anasema ni kawaida ya dizeli. Nimepanda basi.

Nimekubali gunia 8 kwa safari, kwa hiyo bado natafuta Hilux. Mwenye kuijua yenye chesisi nzima anitafute.

mama_mbolea
Nane za lumbesa au nane za kilo 100?

mzee_wa_viazi
Dada, nihurumie.